Mgodi Umekufa, Reli Imebaki

Ndugu msomaji, lugha yetu ina neno moja linalobeba vitu viwili. Ukitaja risasi, mmoja atafikiria kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Mwingine, hasa akiwa fundi au mvuvi, atafikiria ile metali ya kijivu, laini na nzito, ambayo tangu zamani ndiyo iliyotengenezewa hicho kinachotoka kwenye mtutu. Sisi tuliozaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa, katika iliyokuwa Wilaya ya Mbinga na ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa, tunazo habari za risasi za namna zote mbili.

Habari ya namna ya kwanza imeandikwa vitabuni. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Uingereza na Ujerumani kutangaziana vita huko Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka ziwa, ikaingia katika ghuba ya Liuli na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Wajerumani walikuwa wakipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali lililojitokeza majini ambalo machoni mwao lilifanana na sanamu ile kubwa ya Misri. Wenyeji wanaliita Pomonda, na hawakuhitaji kwenda Misri ili wapate jina.

Lakini leo sikusudii kuzungumzia mizinga. Nataka kuzungumzia namna ya pili ya risasi, ile inayochimbwa. Na nitaanza na jiwe moja.

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa babu yangu kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango usifungwe na upepo wa ziwani. Lilikuwa dogo, halizidi ngumi mbili za mtu mzima, lakini mtoto aliyelinyanyua kwa mara ya kwanza alishangaa, kwani lilikuwa zito kama limefungwa ardhini. Upande mmoja lilikuwa limevunjika, na pale penye jeraha paling'aa kama kioo chenye ukungu, pameta vipande vipande vyenye pembe nne, kana kwamba kuna seremala aliyekaa ndani ya jiwe akipima kwa rula. Sisi watoto tuliamini kuwa ni fedha, na kwamba babu alikuwa tajiri anayejificha.

Babu alicheka tulipomwambia. "Wajukuu zangu," alisema, "kama hiyo ingekuwa fedha, ningeivua samaki? Hiyo ni risasi ya Mpanda. Ndiyo iliyotuita huko, na ndiyo iliyotufukuza."

Wakati ule sikuelewa. Mpanda kwetu ilikuwa mbali kama Ulaya. Nilipofika sekondari, mwalimu wa kemia alituonyesha picha ya madini yanayoitwa galena, nikalitambua jiwe la mlangoni kwetu. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nina kinasa sauti begani na kazi ya kuhoji watu, ndipo nilipoanza kuifuatilia habari yake.

Hebu kwanza tuangalie jiwe lenyewe lilitoka wapi, kwa maana ya ardhi.

Mpanda iko magharibi ya nchi yetu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Katavi na kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Rukwa. Miamba ya huko ni mizee sana. Wataalamu wa miamba wanaiita ukanda wa Ubende, kwa jina la nchi ya Wabende, na umri wake ni karibu miaka bilioni 2. Ukanda huo unaanzia kando ya Ziwa Tanganyika, unapita Rukwa na Mbeya, na kushuka hadi upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kwa hiyo babu yangu, aliyesafiri siku nyingi kwenda kwenye mgodi ule, alikuwa anatembea sambamba na mfupa mmoja wa ardhi unaofika hadi ziwa la kwao. Na bonde la ufa, ambalo ndilo lililoyazaa maziwa haya yote matatu, lilipokuja kupasuka mamilioni ya miaka baadaye, lilifuata mistari ya udhaifu iliyokuwamo tayari katika miamba hiyo mikongwe, kama vile gogo linavyopasuka kwa kufuata nyufa zake za asili.

Sasa risasi iliingiaje humo? Chukua mfano wa birika linalochemshiwa maji ya chumvichumvi kila siku. Baada ya miezi michache utakuta ndani yake utando mgumu mweupe. Hukuuweka wewe. Ulikuwa umeyeyuka ndani ya maji, na hali ilipobadilika ukajitenga na kuganda. Chini ya ardhi mambo huenda hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Maji ya moto yenye chumvi hupita katika miamba kilomita nyingi chini, yanazoa chembechembe za madini, kisha yanapanda kupitia nyufa. Yanapopoa au kukutana na miamba ya aina nyingine, yanaacha mzigo wake. Ufa unajaa, nao unageuka kuwa mshipa. Katika mishipa ya Mpanda risasi haikuwa peke yake. Ilichanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Kwa hiyo sisi watoto hatukukosea kabisa, kwani ndani ya jiwe la babu huenda kweli kulikuwa na fedha kidogo, ingawa isingetosha hata pete ya bibi.

Galena ni muungano wa risasi na salfa. Katika kila kilo 100 za galena safi, zaidi ya kilo 86 ni risasi tupu. Ndiyo maana jiwe lile lilikuwa zito vile. Na risasi ikishatenganishwa ni metali mpole, inayeyuka kwenye joto la nyuzi 327 tu, ambalo ni joto la jiko la mkaa. Mtu hahitaji tanuri la kiwandani. Nakuomba, ndugu msomaji, ulikumbuke hilo la jiko la mkaa, kwa sababu tutalirudia.

Madini ya Mpanda yalijulikana kwa watafutaji wa kizungu katika miaka ya 1930. Lakini kujua ni jambo moja na kuchimba ni jambo jingine. Dhahabu unaweza kuifunga katika leso ukaondoka nayo kwa miguu. Risasi haichukuliki hivyo. Thamani yake kwa kila kilo ni ndogo na uzito wake ni mkubwa, kwa hiyo bila reli, mlima mzima wa risasi ni sawa na mlima wa kokoto. Mpanda ilikuwa katikati ya misitu ya miombo na mbung'o, mbali na Reli ya Kati. Basi jiwe likaendelea kulala.

Kilichoiamsha Mpanda ni njaa ya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka 1945. Uingereza ilikuwa na madeni, haikuwa na dola za kununulia malighafi, na ikageukia makoloni yake. Hiyo ndiyo miaka ya mpango maarufu wa karanga, ulioanza 1947 na kuzikwa 1951, ambao wazee wa Kongwa na Nachingwea bado wanausimulia kwa vicheko. Katika upepo huo huo, kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ilishika kazi ya kuifungua Mpanda, na serikali ya kikoloni ikajenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, hadi Mpanda. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1950. Mwaka huo huo vita vya Korea vilianza, nchi kubwa zikakimbilia kuweka akiba ya madini, na bei ya risasi duniani ikapanda. Mgodi mkuu uliitwa Mukwamba.

Kwa miaka michache hiyo mambo yalikwenda. Katika miaka ya 1950, ukiondoa almasi za Mwadui na dhahabu ya Geita na kwingineko, risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini makubwa yaliyouzwa nje na Tanganyika. Mawe yalichimbwa chini ya ardhi, yakapandishwa, yakasagwa hadi kuwa unga, na unga huo ukatiwa katika matangi ya maji yenye dawa na kupulizwa hewa. Chembe za risasi hushikana na mapovu na kuelea juu kama mafuta ya mchuzi, na mchanga usiofaa huzama. Povu hilo likikaushwa ndilo mali. Likapakiwa katika mabehewa, likasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo likaenda kuyeyushwa ng'ambo. Tanganyika ilibaki na mashimo na ule mchanga uliozama.

Huko ndiko alikokwenda babu yangu, katikati ya miaka ya 1950. Vijana wa mkoa wetu walikwisha kuzoea kuuza nguvu zao mbali na kwao. Wengi wa Songea walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alipofika alipewa namba na jina lake likasahauliwa. Wengine walivuka mipaka wakaishia kwenye migodi ya Afrika Kusini. Babu alisema hakuutaka mkonge, kwa kuwa kaka yake alirudi kutoka huko na kikohozi na blanketi moja. Kwa hiyo alipanda milima ya Umatengo kwa miguu hadi Songea, akapata lori la kwenda Njombe na Mbeya, kisha lori jingine la kupitia Chunya hadi Itigi, na hapo akapanda gari moshi. Alikuwa hajapata kuliona gari moshi maishani mwake. Aliniambia kuwa usiku mzima hakulala, kwa kuogopa kwamba litasahau njia.

Mgodini alikuta dunia iliyopangwa kwa rangi, kama ilivyokuwa kila mahali enzi hizo. Wakubwa walikuwa Wazungu, makarani na wenye maduka walikuwa Wahindi, na waliokuwa shimoni walikuwa Waafrika. Lakini alikuta pia kitu ambacho mwambao wetu haukuwa nacho. Alikuta Mfipa, Mbende, Mkonongo, Msukuma, Muha na Mnyasa wakila chungu kimoja na kuzungumza Kiswahili, kwa sababu bila hicho wasingeweza hata kuambiana kwamba jiwe linaanguka. Babu hakuwa mwanasiasa, lakini alikuwa akisema kuwa Tanganyika alianza kuiona shimoni, kabla hajaiona kwenye bendera.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mgodi si shamba. Shamba ukilitunza linakupa tena mwakani. Mgodi kila siku unayofanya kazi unajipunguzia siku za kuishi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na watu wa Mpanda, ambao asali ni yao, wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Mishipa iliyofaa kuchimbwa kwa faida ilipungua. Wakati huo huo bei ikaanguka. Vita vya Korea vilikwisha mwaka 1953, akiba zilikwisha kujaa, na mwaka 1958 Marekani iliweka kikomo cha risasi na zinki inayoweza kuingia nchini mwake ili kuwalinda wachimbaji wake. Uamuzi uliotiwa saini Washington, na watu ambao pengine hawakupata kulisikia jina la Mpanda, ulikuwa na uzito katika kila soko la risasi duniani. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Tangu reli ifunguliwe hadi mgodi ufungwe ilikuwa miaka 10 tu.

Babu alisema hakukuwa na kelele. Kilichowashtua kilikuwa ukimya, kwa sababu mashine ya kusagia ilikuwa ikilia usiku na mchana, na iliponyamaza hata watoto wachanga waliamka. Walilipwa siku zao, wakapewa tikiti, wakapanda treni lile lile lililokuwa likibeba risasi. Katika sanduku lake la bati alitia shati, sabuni, kitambaa cha bibi, na lile jiwe. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa Liuli akisikiliza ngoma za Uhuru.

Nimesema mgodi ulikufa. Sasa tuangalie kilichobaki, kwa sababu hapo ndipo ilipo sababu ya kuwaletea mazungumzo haya.

Kwanza ilibaki reli. Katika hesabu ya mfanyabiashara, reli iliyojengwa kwa ajili ya risasi ilipaswa kufa pamoja na risasi. Sisi watu wa Kusini tunajua kwamba hilo lingewezekana kabisa. Reli yetu, iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kusini ikabaki bila reli hadi leo. Reli ya Mpanda haikung'olewa. Iliachwa ikaendelea kubeba watu, tumbaku, mbao, asali, na baadaye mahindi. Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi na maelfu ya watu kukimbilia kwetu, makazi makubwa ya wakimbizi yalifunguliwa katika wilaya hiyo, Katumba kwanza na Mishamo baadaye, na watu hao wakafyeka misitu na kuifanya Mpanda kuwa ghala la chakula. Katikati ya yote hayo lilikuwapo treni, likienda polepole, likichelewa, likilaumiwa, lakini likienda. Kambi ya wachimbaji ikawa mji, mji ukawa makao makuu ya mkoa. Reli ni mtoto wa mgodi, na mtoto amemzidi mzazi wake umri mara nyingi.

Hapo tujifunze jambo. Faida iliyobaki Mpanda haikutokana na risasi. Risasi iliondoka yote. Faida ilitokana na kitu ambacho mwenye mgodi alikihitaji kwa shida zake mwenyewe, na ambacho hakuweza kukibeba alipoondoka.

Lakini kilibaki kitu kingine, na hiki hakisifiwi. Popote risasi inapochimbwa na kusagwa, mchanga unaotupwa huwa na mabaki yake. Risasi haiozi wala haichakai. Miaka 60 kwake ni kama jana. Na katika mwili wa binadamu haina kazi yoyote njema. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ile inayojenga mifupa, unaipokea kama mgeni wa heshima na kuihifadhi mifupani. Kwa mtoto mdogo ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu huuharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Wenzetu wameliona hilo kwa machozi. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 ulifungwa mwaka 1994, na hadi miaka ya karibuni watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa wameendelea kukutwa na risasi nyingi katika damu, kwa kucheza tu katika vumbi. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa sababu wazazi wao walisaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi. Na hapo jirani, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014 kiliwaachia wakazi sumu. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa miaka katika rufaa.

Sasa turudi kwenye jiko la mkaa. Mimi na wenzangu, tukiwa watoto, tulikuwa tukiokota betri mbovu za magari, tunazivunja kwa mawe, tunatoa zile sahani za kijivu na kuziyeyusha katika kopo juu ya makaa. Tulimimina uji huo katika vishimo vya mchanga, tukapata vipande vya kuzamishia nyavu, na wavuvi wa usipa walitununulia. Tulijiona wahandisi. Moshi tuliuvuta, mikono hatukuinawa, na kopo hilo hilo siku nyingine lilichemshiwa mihogo. Babu alitukuta siku moja, akalipiga teke kopo likaenda mbali, naye hakuwa mtu wa hasira. Alisema tu kwamba kule Mpanda alikwisha kuwaona watu waliokula na mikono yenye unga ule. Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza. Leo ningetoa mshahara wa mwezi ili nimuulize.

Naam, risasi hiyo inafanyika hivyo hivyo hadi leo katika vichochoro vingi vya miji yetu. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na dunia nzima ikaachana nayo mwaka 2021. Lakini magari yameongezeka, pikipiki zimeongezeka, na mitambo ya jua imeongezeka, na nyingi kati ya betri zake bado ni za risasi. Ukimwona kijana anavunja betri nyuma ya nyumba, usimwone kama msumbufu. Mwone kama mtu anayehitaji kuambiwa. Risasi inayoyeyushwa huyeyushwa tena na tena, haiishi. Pengine ndani ya betri iliyo chini ya boneti ya daladala ulilopanda asubuhi mna chembe iliyowahi kupandishwa na babu yangu kutoka shimoni Mukwamba.

Ndugu msomaji, kwa nini nayasema haya wakati huu? Kwa sababu mkoa wetu nao sasa una mgodi wake. Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, kuna makaa ya mawe yaliyotokana na misitu na vinamasi vya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011, kwa ubia wa shirika letu la maendeleo, NDC, lenye asilimia 30, na wageni wenye asilimia 70. Makaa hayo yamelisha viwanda vya saruji, na bei ilipopanda duniani mwaka 2022 kutokana na vita vya Ukraine, malori yalipanga foleni kuyapeleka bandarini Mtwara kupitia Tunduru na Masasi. Angalia jinsi historia inavyopenda kurudia nyimbo zake. Miaka ya 1950 ilikuwa Korea, safari hii ilikuwa Ukraine. Bei hupanda kwa vita vya wengine, na hushuka kwa amani ya wengine.

Simwambii mtu kwamba tuache kuchimba. Ninachosema ni kuwa tuhesabu tangu leo siku ya ukimya, ile ambayo mashine itanyamaza na watoto wataamka. Siku hiyo Mbinga itabaki na nini? Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi yake ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, imezungumzwa kwa miaka mingi katika mikutano mingi. Mpanda inatufundisha kwamba kitu kama hicho hujengwa wakati jiwe bado lina bei. Jiwe likishakwisha, hakuna atakayekuja kujenga reli kwa ajili ya kumbukumbu. Malori yakimaliza kazi huondoka, na barabara hubaki na mashimo.

Na ile hesabu ya pili, ya uchafu, nayo ifanywe mapema. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zinawataka wachimbaji wakubwa waweke dhamana ya kurekebisha ardhi kabla hawajaondoka. Hiyo ni sheria njema, na walioitunga walikuwa wamejifunza kwa mashimo ya zamani. Lakini dhamana ni karatasi. Diwani, mwenyekiti wa kijiji na mwananchi wa kawaida wana haki ya kuuliza karatasi hiyo iko wapi na ina kiasi gani. Uruwira ya mwaka 1960 hakuna aliyeiuliza, kwa sababu wenye nchi hawakuwa na mahali pa kuulizia. Sisi tunapo.

Namalizia kwa kosa langu mwenyewe. Nimefanya kazi ya redio kwa zaidi ya miaka 20. Nimewahoji mawaziri, wachezaji mpira, waganga na wezi waliotubu. Kinasa sauti changu kimelala mara nyingi juu ya meza ya babu, wakati wa likizo, kikiwa kimezimwa. Kila mara nilijiambia kwamba nitamrekodi safari ijayo, atanieleza habari za Mpanda kwa utaratibu, mwanzo hadi mwisho, na majina ya wenzake. Safari ijayo ikafika, nikakuta mkeka umetandikwa nje na watu wamekaa kimya. Haya niliyowaeleza leo ni masalia ya mazungumzo ya jioni, yaliyokuja vipande vipande kati ya nyavu na chakula. Mali bila daftari huisha bila habari, na mzee bila kinasa sauti ni hivyo hivyo.

Jiwe bado lipo. Nililikuta mwaka jana pale pale mlangoni, limechakaa kidogo upande unaokanyagwa. Nililifunga katika gazeti, nikaliweka juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki, kisha nikanawa mikono kwa sabuni. Mjukuu wa dada yangu aliniuliza kwa nini naondoa jiwe la nyumba. Nikamketisha, nikaanza kumsimulia, na safari hii nikawasha kinasa sauti.

Wewe nawe, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyekata mkonge Tanga, aliyeshuka shimoni Geita au aliyetandika mataruma ya reli, mwulize wiki hii. Usingoje likizo. Hadi juma lijalo, nakutakia kila la heri.